Kabaka Mwanga na vijana waliokataa

Kila tarehe 3 Juni Wakatoliki wa Lodwar, pamoja na wenzao wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyo mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka hapo, huadhimisha siku ya Mashahidi wa Uganda. Na Kakuma, tangu mwaka 2014, ndiko walikokimbilia Waganda walioandamwa kwao kwa kupenda watu wa jinsia yao. Kisa cha mashahidi na masaibu ya wakimbizi hao huunganishwa na jina la mtu mmoja, Kabaka Mwanga.

Mwanga alizaliwa yapata mwaka 1868, akamrithi baba yake Mutesa mnamo Oktoba 1884, hali bado kijana. Barazani alikuta dini tatu: Uislamu uliotoka pwani na Unguja, Waprotestanti wa Kiingereza waliofika 1877, na mapadri wa Kifaransa waliofika 1879. Kila dini ilikuja na kitabu chake, na kila kitabu kilimtaja Mfalme aliye juu ya Kabaka. Mutesa alikwisha kuionja shubiri hiyo. Yapata mwaka 1876 aliwaua vijana wa Kiislamu waliokataa kula nyama ya machinjo yake na kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa. Hao wa kwetu ni wachache wanaowakumbuka.

Mwanga naye aliingiwa na hofu. Mnamo Oktoba 1885 aliamuru Askofu Hannington auawe huko Busoga, kwa kuwa alipitia mashariki, upande ulioaminiwa kuwa ndiko atakakotokea mtekaji wa nchi. Yosefu Mukasa, mkubwa wa watumishi wa jumba, alimlaumu kwa mauaji hayo, naye akauawa mwezi uliofuata. Wamishenari wakaandika kwamba Kabaka aliwataka watumishi wake wavulana kwa liwati, na waliobatizwa wakamkatalia. Wako wanahistoria waonao kuwa kilichomuuma zaidi ni ule uasi wenyewe. Vyovyote iwavyo, tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi walichomwa moto wakiwa hai huko Namugongo. Jumla ya waliouawa miaka hiyo, Wakatoliki wanahesabu 22 na Waanglikana 23.

La kuchekesha, kama pana la kuchekesha hapa, ni hili: wamishenari walisema Mwanga alifunzwa tabia hiyo na Waarabu na wafanyabiashara wa pwani, leo wanasiasa wa Kampala wanasema imeletwa na Wazungu. Kila mmoja ampelekea jirani taka zake. Sheria ya Kiislamu yaiharamisha liwati kama yaiharamishavyo makanisa.

Lakini haramu ya msikitini ni jambo moja, na jela ya serikali ni jambo jingine. Katiba ya Uganda ya 1995, kama ile ya Kenya ya 2010, inasema nchi haina dini ya dola. Hata hivyo Uganda ilipitisha sheria mwaka 2014, mahakama ikaibatilisha mwaka huohuo. Ikapitisha nyingine mwaka 2023, iliyo na adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na mahakama ikaiacha sehemu kubwa yake mwaka 2024. Aliyekimbilia Kakuma naye hakukuta pepo, maana Kenya bado ina sheria ya kikoloni, ambayo Mahakama Kuu ilikataa kuifuta mwaka 2019. Wale vijana walikufa kwa kumnyima mtawala miili na dhamiri zao. Kuyatumia majina yao kumpa mtawala mamlaka hayohayo, mimi naona ni kukipindua kisa juu chini.

Mwanga mwenyewe hakudumu. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakamwondoa. Akarudi kwa msaada wa Wakristo, ambao nao wakapigana wao kwa wao huko Mengo mwaka 1892. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, akakamatwa 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa Kismayu na kisha visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa na Waanglikana, dini ya wale aliowachoma, akaitwa Danieri. Alifariki Mei 1903. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1910, ikazikwa Kasubi ubavuni mwa baba yake.