Kimweri, Mfalme wa Vuga

Kimweri alikuwa mfalme wa Usambara, naye alikaa Vuga, mlimani. Watu wake walimwita Simba Mwene. Enzi yake ilishuka hata pwani, na huko ikakutana na enzi ya Sayyid Said wa Unguja, mwenye merikebu na bunduki. Mwaka 1853 Sayyid alijenga boma juu ya Tongwe, akaweka askari Mabulushi. Je, walipigana? La, walipatana. Madiwani wa pwani walitawazwa kwa idhini ya wote wawili, ila Tanga na Mtang'ata, upande wa Kigombe, zilikuwa za Unguja tu. Diwani mmoja, mabwana wawili: kazi ngumu hiyo! Kimweri alikufa mwaka 1862, ndipo jamaa zake wenyewe wakapigania kiti chake.