Sir Albert Howard: Bingwa wa mboji aliyefunzwa na wakulima

MKULIMA anayechanganya mwenyewe udongo wa viriba, madebe matatu ya udongo wa juu, mawili ya mboji na moja la mchanga, anafaidi kazi ya Mwingereza Sir Albert Howard.

Howard alizaliwa mwaka 1873 Shropshire, mtoto wa mkulima, akasoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1905 alikwenda Pusa, India, akiwa mtaalamu wa mimea wa serikali. Huko alikuta wakulima wasiotumia mbolea ya viwandani wala dawa, lakini mazao yao hayakusumbuliwa sana na wadudu. Akawafanya walimu wake.

Tatizo lilikuwa samadi. Nyingi iligeuzwa kuwa kuni, na iliyobaki haikutosha shamba. Akiwa Indore, kuanzia 1924 hadi 1931, Howard alitafuta namna ya kuifanya samadi kidogo ifike mbali. Alipanga kwa tabaka mabaki ya mazao, samadi, majivu na udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe, akamwagia maji na kugeuza mara tatu. Baada ya siku 90 hivi, mboji ilikuwa tayari.

Gharama kubwa ilikuwa nguvu kazi tu. Katika miaka ya 1930 mashamba ya kahawa ya Kenya nayo yaliitumia njia hiyo.

Wanasayansi wengi waliotetea mbolea ya viwandani walimpinga hadi alipofariki mwaka 1947. Hata hivyo, mkulima asiye na fedha za mbolea bado ana mabaki ya shamba, na hayo hayanunuliwi.