Taaitta Toweett: Waziri aliyekuwa mwanafunzi

WAHENGA walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayelazimika kufanya kazi ili alipe karo huijua maana ya methali hiyo vyema kuliko mwalimu wake wa Kiswahili. Saa anazouza kwa mwajiri ni saa zile zile alizopaswa kuzitumia maktabani, na usiku mmoja hauwezi kugawanywa ukawa mawili.

Hata hivyo, nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet ilimtoa mtu ambaye aliishika mikono miwili kwa zaidi ya miaka 20 kabla moja haijamponyoka. Mtu huyo ni hayati Dkt Taaitta Araap Toweett, mwanasiasa, waziri, mhariri na mwanaisimu, aliyefariki Oktoba 8, 2007. Wengi humkumbuka kwa siasa zake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba shahada zake zote nne, kuanzia ya kwanza mwaka 1956 hadi ya uzamifu mwaka 1977, alizipata huku akiwa na shughuli nyingine kubwa mkononi.

Toweett alizaliwa mwaka 1925 katika jamii ya Wakipsigis, wilaya ya Kericho ya wakati huo, ambayo ilijumuisha pia eneo linaloitwa Bomet leo. Ilikuwa miaka ile ile ambapo kampuni kubwa za kigeni zilianza kufyeka misitu na kupanda michai katika milima hiyo. Kizazi chake kilikua kikiona ardhi ya mababu ikigeuka mashamba ya watu wengine, na wenyeji wakiajiriwa kama vibarua. Katika mazingira hayo, elimu haikuwa pambo. Ilikuwa njia moja kati ya chache sana za kumwezesha Mwafrika kuketi meza moja na mtawala na kujibizana naye.

Njia hiyo ilikuwa nyembamba. Hadi miaka ya 1950 Kenya haikuwa na chuo kikuu chake. Kijana aliyetamani shahada alitazamia Makerere nchini Uganda, ama ng'ambo iwapo angepata mfadhili. Mwaka 1955 baraza la Wakipsigis lilimpa Toweett ufadhili wa kwenda Uingereza, katika Chuo cha Ufundi cha South Devon mjini Torquay, kusomea stashahada ya utawala wa umma na wa jamii. Fedha hizo zilikuwa za umma wa nyumbani, na aliyepewa alijua kwamba alitarajiwa kurudi na kitu cha kuonyesha.

Yeye alirudi na viwili. Mbali na masomo hayo ya Torquay, alikuwa amejisajili na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, maarufu kama UNISA, ambacho tangu mwaka 1946 kilikuwa kimeanza kufundisha kwa njia ya posta. Shahada ya kwanza ya chuo hicho aliipata mwaka 1956. Kwa hivyo darasani alikuwa mwanafunzi wa stashahada, na kwa barua akawa mwanafunzi wa shahada.

Kuna kinaya katika jambo hilo ambacho hakifai kupuuzwa. Nchi iliyokuwa ikimfundisha kwa posta ndiyo iliyokuwa ikiendesha utawala wa ubaguzi wa rangi. Mwaka 1959, serikali ya Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kuwafungia Waafrika milango ya vyuo vikuu vya Wazungu. Ni mwaka huo huo ambapo Toweett alipata shahada yake ya pili kutoka UNISA, ile ya heshima. Bahasha haikuwa na rangi ya ngozi, na mtahini alikuwa akisahihisha maandishi tu. Waafrika wengi wa kizazi chake, akiwemo Robert Mugabe wa Zimbabwe, waliutumia mwanya huo huo.

Aliporejea Kenya mwaka 1957, Toweett aliajiriwa kuwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii katika wilaya ya Nandi. Aidha, alikuwa mhariri wa jarida la lugha ya mama lililoitwa Ngalek Ap Kipsigis, yaani maneno ya Wakipsigis. Kazi ya uhariri ilimlazimisha kuamua kila siku jinsi neno la Kikipsigis linavyopaswa kuandikwa. Uamuzi huo mdogo wa mhariri ndio ungekuja kuwa mada yake ya chuo kikuu miaka mingi baadaye.

Mnamo Machi 1958, viti vya Waafrika waliochaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria viliongezwa kutoka 8 hadi 14. Toweett alishinda kiti cha eneo la Kusini, lililokusanya Wakipsigis na Wamaasai. Kwa hivyo mtihani wa mwaka 1959 ulifanywa na mbunge, si na kijana asiye na majukumu. Miaka iliyofuata haikumpa nafasi ya kupumua. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kalenjin Political Alliance, kundi lililojiunga na wengine mwaka 1960 kuunda chama cha KADU. Alihudhuria mikutano ya katiba ya Lancaster House jijini London. Aliteuliwa Waziri wa Leba na Nyumba mwaka 1961, kisha Waziri wa Ardhi mwaka 1962, wakati ambapo swali la ardhi ndilo lililokuwa likiwasha moto kila baraza la siasa nchini.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1969, Rais Jomo Kenyatta alimteua Toweett kuwa Waziri wa Elimu. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikasimama peke yake kwa sheria ya Bunge. Wizara ya Toweett ndiyo iliyokuwa na jukumu la elimu wakati taasisi hiyo ikizaliwa. Hakuna aliyetarajia kwamba waziri mwenyewe angekuja kujiandikisha humo kama mwanafunzi.

Wizara hiyo haikuwa mahali pa kustarehe. Desemba 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba karo ingeondolewa katika madarasa ya kwanza hadi la nne. Watoto walimiminika shuleni. Wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezeka kutoka takriban 380,000 mwaka 1973 hadi karibu 960,000 mwaka 1974. Walimu hawakutosha, madarasa hayakutosha, na shule nyingi zikaanza kutoza ada za ujenzi ambazo zilirudisha mzigo kwa mzazi kwa jina jingine.

Upande wa vyuo vikuu mambo yalienda kinyume. Tangu uhuru serikali ilikuwa ikiwagharimia wanafunzi wa chuo kikuu. Katika mwaka wa masomo wa 1974/75 ilianzisha mpango wa mikopo, ambao ndio chimbuko la bodi ya HELB iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Tangu hapo swali la nani atalipa lilianza kumhusu mwanafunzi mwenyewe, na kwa familia nyingi jibu likawa ni mwanafunzi kutafuta kibarua.

Mwaka 1974 Toweett alihamishiwa Wizara ya Nyumba na Huduma za Jamii. Akiwa katika wizara hiyo, mwaka 1975, aliwasilisha tasnifu ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mada yake ilikuwa nomino za Kikalenjin na namna zinavyoainishwa. Huo ulikuwa mwaka mgumu kisiasa. Mbunge J.M. Kariuki aliuawa mwezi Machi, wanafunzi wa chuo hicho hicho wakaandamana, na uhusiano kati ya serikali na chuo ukazorota. Toweett alikuwa na mguu mmoja kila upande: waziri katika serikali iliyoshutumiwa, na mwanafunzi katika chuo kilichoshutumu.

Mwaka 1976 alirejeshwa katika Wizara ya Elimu. Mwaka huo kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi ilitoa ripoti yake kuhusu malengo na sera za elimu, ikapendekeza miongoni mwa mengine kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Mwezi Oktoba, Mkutano Mkuu wa 19 wa UNESCO ulifunguliwa katika jumba la KICC, Nairobi, ukiwa wa kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Wajumbe walimchagua Toweett kuwa rais wake. Mwaka uliofuata, 1977, alikamilisha tasnifu ya uzamifu kuhusu isimu ya Kikalenjin na kuwa daktari wa falsafa.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kujiuliza swali la haki. Je, waziri anaweza kuwa mwanafunzi wa kweli? Mtu mwenye gari la serikali na katibu wa kumpangia siku yake hawezi kulinganishwa na kijana anayechuma majani chai kwa kilo ndipo apate nauli ya kurudi chuoni. Isitoshe, ni vigumu kwa mhadhiri kumpa alama ya chini mtu anayesimamia wizara ya elimu. Shaka hiyo ni halali na haiondolewi kwa sifa.

Kinachoweza kuijibu ni kazi yenyewe. Watafiti wa lugha za Kinilo wamekuwa wakiitaja tasnifu ya mwaka 1975 na kitabu kilichofuata, wengi wao bila kujali mwandishi alikuwa na cheo gani. Kikalenjin hakina ngeli kama za Kiswahili, ambazo huonekana mwanzoni mwa neno. Mabadiliko yake hutokea zaidi mwishoni: lakwet ni mtoto, lagok ni watoto. Nomino moja huweza kuwa na umbo fupi na umbo refu, na wingi hauna kanuni moja ya wazi. Kuzipanga nomino hizo kunahitaji mtu wa kuorodhesha maneno kwa mamia, na kusikiliza urefu wa kila irabu. Toweett alilichukulia suala hilo la irabu kwa uzito hivi kwamba aliandika hata jina lake kwa herufi maradufu, Taaitta Araap Toweett, ilhali wengine waliandika arap kwa irabu moja.

Siri yake ya kushika mbili iko katika uteuzi huo wa mada. Hakuchagua somo ambalo lingemtaka aache kazi na kujifungia maabarani. Alichagua lugha aliyozaliwa nayo, aliyoihariri gazetini na aliyoitumia kila alipohutubia wapiga kura wake. Kila ziara ya nyumbani ingeweza kuwa safari ya utafiti. Vilevile jina Kalenjin lenyewe lilikuwa changa, likiwa limeenea tangu miaka ya 1940 kuwaunganisha Wakipsigis, Wanandi, Watugen na ndugu zao. Mwanasiasa aliyesaidia kuwakusanya watu hao chini ya chama kimoja mwaka 1960 ndiye aliyekaa baadaye kuchunguza jinsi lugha zao zinavyohusiana. Kazi ililisha masomo, na masomo yakaipa kazi maana.

Hata hivyo, methali haikukosea kabisa. Novemba 1979, katika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Rais Daniel arap Moi, Toweett alipoteza kiti chake. Ni mwaka huo huo ambapo Kenya Literature Bureau ilichapisha kitabu chake cha isimu ya Kikalenjin pamoja na kile cha historia simulizi ya Wakipsigis. Mkono mmoja uliachia bunge na uwaziri, ule mwingine ukabaki na vitabu.

Kilichosalia kilimtosha kuendelea. Mwaka 1980 aliteuliwa mwenyekiti wa shirika hilo la uchapishaji, na katika miaka hiyo ya 1980 akaongoza pia bodi ya shirika la ndege la Kenya Airways. Kati ya mwaka 1997 na 2000 alirudi kwenye kazi aliyoianza akiwa kijana, akahariri na kuchapisha gazeti lake, Voice of Rift Valley. Alifariki chini ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambao vurugu zake zingeiathiri pia nchi yake ya majani chai.

Leo kijana wa Kericho hahitaji tena kuandikiana barua na Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kikaanzishwa mwaka 2017, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kikapata hati mwaka 2023, kikilenga hasa wale wasioweza kuacha kazi. Lakini kibarua chenyewe kimekuwa haba. Mashine za kuchuma majani chai zimechukua nafasi ya mikono mingi, na Mei 2023 hasira za wananchi zilifikia hatua ya kuzichoma moto baadhi yake.

Maisha ya Toweett hayamwahidi kijana huyo kwamba atakuwa waziri. Yanamwonyesha jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi: kwamba anayeshika mbili hana budi kutafuta mahali ambapo hizo mbili zinagusana. Anayeuza duka anaweza kusomea biashara akiwa na daftari la hesabu zake mwenyewe, na anayepima majani katika kituo cha kununulia chai ana somo la kilimo mbele ya mizani yake kila asubuhi. Vyuo navyo vina deni la kupanga ratiba na karo kwa kumfikiria mwanafunzi wa aina hiyo, kwa sababu si kila anayesoma huku akifanya kazi atapata baraza la nyumbani la kumlipia, kama lilivyomlipia Toweett mwaka 1955.