Az-Zahrawi, tabibu asiyekuwa na haraka ya kung'oa jino

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi niling'olewa gego. Aliyeling'oa alikuwa mtu mwenye haraka zake. Nilimwonyesha kwa kidole pale paliponiuma, akatia koleo, akavuta. Usiku ule maumivu hayakupungua hata chembe. Kumbe lililotoka lilikuwa jino zima, bovu lilikuwa jirani yake. Ikabidi nirudi nikang'olewe la pili. Pengo ninalo mpaka leo.

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu kutoka Maskati. Mjukuu wangu anaumwa na jino siku ya tatu, halali, na hataki kumfungulia daktari kinywa. Kosa ni langu, maana kisa cha pengo langu nilimsimulia mimi mwenyewe. Basi ikanibidi nimsimulie kisa kingine cha kuliponya lile la kwanza, nikamweleza maisha ya Abul-Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi.

Huyu bwana alizaliwa Andalusi, inakadiriwa mwaka 936, katika Madinat az-Zahra, mji wa kifalme uliojengwa na Khalifa Abdulrahman wa Tatu kando ya Kordoba. Nasaba yake ilikuwa ya Answari, wale watu wa Madina waliompokea Mtume (s.a.w.). Kordoba ya wakati ule ilikuwa na misikiti, hamamu na maktaba ambazo Ulaya yote ilizisikia. Humo ndimo alimoishi, akatibu na kusomesha kwa muda wa miaka karibu 50.

Karibu na mwaka 1000 alimaliza kitabu chake, at-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake alichora vyombo vya kazi karibu 200: visu, misumeno, makoleo, vyuma vya kukwangulia. Alitaka mwanafunzi akivitazama aweze kwenda kwa mhunzi akatengenezewe. Wanafunzi wake aliwaita wanawe, na alikuwa akiwaonya kama mzazi anavyoonya. Aliwasimulia habari ya tabibu mmoja asiyejua maumbile ya mwili, aliyempasua mwanamke uvimbe wa shingoni, akakata mishipa, na mwanamke yule akafa mbele yake. Kwake yeye, asiyeujua mwili kwa ndani hana ruhusa ya kushika kisu.

Sasa njoo kwenye meno, maana hapo ndipo mjukuu wangu alipoanza kusikiliza. Az-Zahrawi alifundisha kwamba jino ni kitu cha thamani kisicho na badala, kwa hiyo lijaribiwe kila dawa kwanza, kung'oa kuwe mwisho. Akaonya kwamba maumivu ya jino ni mwongo: mgonjwa huonyesha jino zima akidhani ndilo, likang'olewa, na maumivu yakabaki pale pale. Alisema ameyaona hayo mara nyingi mikononi mwa vinyozi. Wallahi niliposoma hapo mara ya kwanza, mtu mzima na ndevu zangu, nilijishika shavu.

Ikiwa lazima kung'oa, alitaka ufizi uachanishwe na jino pande zote, kisha jino litikiswe polepole mpaka lilegee, ndipo livutwe. Lenye tundu lijazwe kitambaa kwanza lisije likavunjika na kuacha mizizi. Ukoga aliukwangua kwa vyuma vya maumbo mbalimbali, kimoja kwa kila upande wa jino. Meno yaliyolegea aliyafunga pamoja kwa uzi wa dhahabu, na palipokuwa na pengo alieleza namna ya kuchonga jino kwa mfupa wa ng'ombe.

Alifariki, inakadiriwa, mwaka 1013. Miaka ile ile fitina iliivamia Andalusi na Madinat az-Zahra ikaporwa na kubomolewa. Mji ulikufa, kitabu kikaishi. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri kile cha upasuaji kwa Kilatini mjini Toledo, na matabibu wa Ulaya wakakitumia kwa mamia ya miaka. Mwaka 1497 kilipigwa chapa Venice.

Mimi nilisoma sekondari ya misheni, na baadaye nikawa mwalimu. Majina ya matabibu wakubwa wa Ulaya tuliyakariri tukayajua kwa moyo. Hili sikulisikia hata siku moja, wala mimi sikuwasomesha wanafunzi wangu, na hilo linaniuma kuliko gego. Nyinyi wenye watoto huko Maskati, Dubai na London msingoje skuli iwaambie.

Kesho yake mjukuu alikwenda. Mama yake anasema alifungua kinywa, akaonyesha jino, kisha akamwambia daktari asikiamini kidole chake. Daktari alicheka, akagonga jino moja moja, akapiga picha. Bovu lilikuwa la jirani. Likazibwa, halikung'olewa hata moja.

Jioni alinipigia simu, akatoa meno yote nimhesabie. Mwenyezi Mungu amrehemu Abul-Qasim.