Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji Aliyefundisha Jamaa Zake

Tukimwuliza mtoto wa darasa la tatu maana ya neno tingatinga, atatueleza habari za mtambo mkubwa wa kulimia au kutengenezea barabara. Ni wachache watakaojua kwamba ni jina la mtu. Hata watu wazima wanaozifahamu picha ziitwazo tingatinga hudhani kuwa ni jina la mtindo tu. Kwa hiyo tumeonelea vema kumweleza mwenyewe, ili mwalimu mwanachuo aingiapo darasani na picha hizo aingie pia na habari za aliyezianzisha.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alisoma shule kwa miaka michache tu. Kama vijana wengi wa kusini wakati ule, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alikuwa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani.

Kuchora alikuanza akiwa mtu mzima, yapata mwaka 1968. Hakutumia turubai wala rangi za wasanii zilizoagizwa toka ng'ambo. Alichukua hadibodi, ule ubao mwembamba wa kuezekea dari, akaukata vipande vya mraba, akanunua na rangi ya kung'aa ipakwayo baiskeli. Kwanza alipaka ubao wote rangi ya nyuma. Ilipokauka, alichora mnyama mmoja, mathalani chui, tembo au ndege, akamwachia karibu nafasi yote. Picha ziliuzwa Oysterbay, nje ya Morogoro Stores, na wanunuzi wengi walikuwa wageni.

Tumepata kuwasikia watu wenye elimu wakisema kwamba picha hizo ni za kitoto, kwa kuwa hazina vivuli wala hazionyeshi umbali. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mtazame chui wake: mgongo umepindwa ukafuata ukingo wa ubao, madoa yamepangwa kwa mwendo, na jicho linamkabili mtazamaji. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejua alitakalo. Wachunguzi wengine wameihusisha na michoro ya kuta za nyumba za Wamakua, wengine na picha za wachoraji wa Kongo zilizouzwa mjini. Mjadala huo bado unaendelea, na mwalimu aweza kuuacha uendelee, maadamu watoto wake wamefundishwa kutazama.

Linalotuhusu zaidi ni jinsi alivyofundisha. Wanunuzi walipoongezeka, aliwachukua jamaa zake, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia na Kasper Henrick Tedo. Walijifunza kwa kumtazama akifanya kazi na kwa kumsaidia. Njia hiyo ina nguvu, lakini ina hatari yake: mwanafunzi aweza kubaki mwigaji maisha yake yote. Mpata hakubaki hivyo. Alijitafutia umbo lake mwenyewe, na picha zake hutambulikana mara moja. Basi tusiwape watoto chui wa Tingatinga wamnakili. Tuwaonyeshe, tuwaulize wameona nini, kisha tuwatume wakamtazame mbuzi au kuku wa nyumbani. Vipande vya boksi na rangi iliyobaki baada ya kupaka milango vitatosha. Na kila mtoto aandike jina lake juu ya kazi yake, kwani Tingatinga naye alitia jina lake kwenye picha zake.

Alifanya kazi hiyo kwa takriban miaka minne tu. Mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa akiwa na umri wa miaka 40. Wanafunzi wake hawakuweka brashi chini. Waliendelea kuchora na kuwafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama chao cha ushirika, wakakipa jina la Tingatinga.