Manute Bol: Mchunga Ng'ombe Aliyewapa Wakimbizi Timu ya Kushangilia

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa ushabiki. Mzee wa Mombasa aliyekuwa mpenzi wa Feisal, hata leo ukimtajia mwaka 1965, ambao timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Kenya, macho yake hung'ara kama ya kijana. Unguja mtu huwa Malindi kwa sababu ya mtaa aliozaliwa. Dar es Salaam, Simba na Yanga hurithiwa kama minazi: baba akifa, mtoto hushika. Ukiuliza sababu utaambiwa ni mtaa, au ukoo, au masahibu wa barazani.

Lakini je, msomaji mpenzi, yawezekana mtu kuipenda timu ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, chuo asichokijua wala hatakiona, akakesha kwa ajili yake? Mimi nilidhani haiwezekani, mpaka nilipofika Turkana.

Nilikwenda Lodwar kumzuru binamu yangu aliyefungua duka huko. Ni mji wa jua kali na vumbi, uliolala kando ya mto Turkwel, na mikoma imejipanga ukingoni kama minazi ya kwetu. Akina mama husuka vikapu kwa makuti yake. Sokoni niliona fulana nyingi za mitumba zenye majina ya vyuo vikuu vya Marekani. Kijana mmoja alikuwa na jina la chuo kifuani kwa herufi kubwa. Nilipomuuliza habari zake, alicheka. Yeye ni Gor Mahia, na kwa timu za Uingereza ni Arsenal. Fulana ameinunua kwa sababu ilikuwa rahisi na imara. Basi nikajua kwamba jina la kifuani si lazima liwe jina la moyoni.

Siku ya tatu nilipanda gari kwenda Kakuma, safari ya kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini magharibi. Kambi ya wakimbizi ya hapo ilianzishwa mwaka 1992, walipofika maelfu ya wavulana wa Sudan ya Kusini. Walikuwa wamekimbia vita kwao wakatembea kwa miguu hadi Ethiopia, na huko nako wakafukuzwa mwaka 1991. Leo kambini wamo Wasomali, Wakongo, Waethiopia, Warundi na wengineo, na adhana husikika humo kama ilivyo Mombasa.

Jioni nikakuta vijana warefu wakicheza mpira wa kikapu juu ya uwanja wa udongo. Nao pia walivaa fulana za vyuo. Nikauliza swali lile lile la Lodwar, lakini hapa hapakuwa na kicheko. Mmoja akaniambia kwamba chuo chake ni Duke, kwa sababu Luol Deng alicheza hapo msimu wa 2003 hadi 2004, na Khaman Maluach akafuata msimu wa 2024 hadi 2025. Mwingine alikuwa wa Oregon, kwa sababu ya Bol Bol. Mwezi wa Machi, timu za vyuo vya Marekani zinapoingia katika mashindano yao ya mtoano, vijana hawa hutafuta matokeo kwa simu usiku kucha. Hawafuati chuo, wala mji, wala rangi ya jezi. Wamfuata mtu wao. Akihama, nao huhama naye.

Mwalimu wao, Mdinka wa makamo aliyefika Kakuma akiwa mtoto katika lile kundi la 1992, alinisogezea kiti. Akanieleza kwamba wote hao ni matawi, na shina lao ni mmoja: marehemu Manute Bol. Habari za mtu huyo ndizo nitakazokusimulia.

Manute Bol alizaliwa kijijini Turalei, kusini mwa Sudan ya wakati huo, katika kabila la Dinka. Tarehe iliyoandikwa katika karatasi zake ni 16 Oktoba 1962. Baba yake alikuwa mfugaji, na mtoto akakua akichunga ng'ombe. Mwenyewe alikuwa akihadithia kwamba aliwahi kumuua simba kwa mkuki. Warefu ni wengi kwa Wadinka, lakini yeye aliwapita wote: alifika sentimita 231, yaani futi 7 na inchi 7. Alijaribu kandanda, ikamshinda kwa urefu wake. Mwishoni mwa miaka ya sabini akaingia katika mpira wa kikapu mjini Wau, kisha Khartoum. Yasemekana siku za mwanzo aliporuka kutumbukiza mpira alijigonga kwenye chuma cha kikapu, meno yakang'oka.

Mwaka 1982 mwalimu wa Kimarekani, Don Feeley, alikwenda Sudan kuwafundisha wachezaji wa timu ya taifa. Alipomwona Manute hakuamini macho yake. Mwaka 1983 akafanya mpango wa kumpeleka Marekani. Timu ya San Diego Clippers ikataka kumchukua mwaka huo huo, lakini mambo yakakwama. Huko wakaona pasipoti yake imeandikwa kwamba urefu wake ni futi 5 na inchi 2! Alieleza kwamba maofisa walimpima akiwa ameketi.

Ikabidi atafutiwe chuo, na hapo pana jambo la kuzingatia. Kijana huyu hakujua kusoma wala kuandika, na Kiingereza hakikumwingia. Akakaa miezi mingi mjini Cleveland akijifunza lugha, lakini chuo kikuu cha huko hakikumsajili. Mwisho akapokewa na chuo kidogo cha Bridgeport, katika jimbo la Connecticut. Timu yake ilikuwa ya daraja la pili, na mechi zake zilizoea kuhudhuriwa na watu mia tano au mia sita.

Alipoingia Manute, msimu wa 1984 hadi 1985, ukumbi wenye nafasi ya watu 1,800 ukawa haujai ila watu wamebaki nje. Kwa wastani kila mechi alifunga pointi 22.5 na kupangua mipira 7 ya wapinzani. Wenyeji wa mji ule wa viwanda, ambao hawakuwa na habari yoyote juu ya Turalei, wakawa wapenzi wa Mdinka. Hivyo yale niliyoyaona Kakuma yalikwisha tokea Bridgeport zamani: mtu mmoja aweza kuubadili moyo wa mji.

Mwaka 1985 alichukuliwa na Washington Bullets, timu ya wachezaji wa kulipwa. Msimu wake wa kwanza alipangua mipira 397. Baadaye aliwekwa timu moja na Muggsy Bogues, mchezaji mwenye sentimita 160 tu, na picha yao wakiwa bega kwa kiuno ikaenea dunia nzima. Alizichezea pia Golden State, Philadelphia na Miami. Hadi alipoacha mwaka 1995, alikuwa amepangua mipira 2,086 na kufunga pointi 1,599. Katika historia ya ligi hiyo yeye peke yake ndiye aliyezuia zaidi ya alivyofunga. Watu wengine husifiwa kwa kuingiza. Yeye alisifiwa kwa kukinga.

Na nje ya uwanja pia alikuwa mkingaji. Vita vya kusini vilivyoanza mwaka 1983 vilidumu hadi 2005, vikaua watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili, wakiwamo jamaa zake wengi. Mamilioni ya dola aliyoyachuma yakaenda kwa wakimbizi na kwa harakati za watu wake. Alipokuwa Misri aliwafundisha mchezo watoto wa wakimbizi, na mmoja wao ndiye huyo Luol Deng ambaye fulana ya chuo chake niliiona Kakuma. Hapo nikaelewa maneno ya mwalimu kuhusu shina na matawi.

Mali ikaisha. Mtu aliyewahi kulipwa mamilioni akawa hana kitu. Alirudi Khartoum akitumaini kusaidia amani. Kwa maelezo yake mwenyewe, serikali ya wakati huo ilikuwa tayari kumpa cheo cha waziri wa michezo, kwa sharti kwamba aache Ukristo asilimu. Alikataa. Baada ya taabu nyingi akapata njia ya kutoka, na mwaka 2002 akaingia tena Marekani, safari hii kama mkimbizi.

Mwalimu alipofika hapo alinyamaza akanitazama. Nilikuwa na kofia yangu ya vito kichwani, na vijana walikuwa wameacha kucheza wakisikiliza. Nikaona haya, ingawa sikuwa mimi niliyetoa sharti lile. Kimya changu kingehesabiwa kuwa ni kuridhia. Nikamwambia kwamba dini yetu hairuhusu mtu kulazimishwa imani, na kwamba anayeinunua shahada kwa cheo hamfanyii Mwenyezi Mungu biashara yoyote ya maana. Nikamwambia pia kwamba aliyeikataa biashara hiyo alikuwa mkweli wa nafsi yake, na mkweli huheshimiwa hata na asiyekuwa wa dini yake.

Mwalimu akaniitikia kwa kichwa, kisha akaniambia nisubiri, maana hadithi haijesha.

Huko Marekani Manute alikubali kila kazi iliyoleta fedha kwa ajili ya watu wake. Mwaka 2002 alipigana ndondi za maonyesho katika televisheni na mchezaji mmoja mnene wa zamani. Akavalishwa viatu vya kutelezea barafuni ili watu walipe kiingilio, na mwaka 2003 akavalishwa hata nguo za mpanda farasi wa mashindano. Wengi walimcheka. Yeye aliuza kicheko chao akanunua chakula cha mayatima. Mwaka 2004 alipata ajali mbaya ya gari, akavunjika shingo, akapona kwa taabu.

Sasa tazama alilofanya baada ya hapo. Wakati vita vya Darfur vilipokuwa vikiwaua Waislamu, mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kugeuza uso. Alijua kwamba miongoni mwa wanajeshi waliopelekwa kusini kuwapiga watu wake walikuwamo watu wa Darfur. Hata hivyo mwaka 2006 alijiunga na matembezi yaliyoanzia New York ili kuiamsha dunia juu ya mateso ya Sudan, ya kusini na ya Darfur pamoja. Kisha, kwa kushirikiana na Sudan Sunrise, shirika lililojishughulisha na mapatano, akaanza kujenga shule kijijini kwake Turalei. Nia yake ilikuwa shule zienee, na watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakae dawati moja. Yeye aliyeanza chuo bila kujua kusoma alitaka mtoto wa mchunga ng'ombe asipate tabu aliyoipata.

Alikwenda Sudan kuisimamia kazi hiyo, akabaki hadi uchaguzi wa Aprili 2010 ingawa afya yake ilikuwa imedhoofika. Aliporudi Marekani alikuwa mahututi. Figo zilishindwa, na ugonjwa mkali wa ngozi ukamwandama. Alifariki tarehe 19 Juni 2010 hospitalini mjini Charlottesville, jimbo la Virginia, akiwa na umri wa miaka 47. Mwili wake ukarudishwa Turalei ukazikwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Julai 2011, Sudan ya Kusini ikawa taifa huru. Hakuiona siku hiyo.

Lakini matawi yaliendelea kukua. Bol Bol niliyemtaja, wa Oregon, ni mwanawe. Luol Deng aliyefundishwa naye alikuja kuwa kiongozi wa chama cha mpira wa kikapu cha taifa hilo jipya, na mwaka 2024 timu yao ikacheza Olimpiki ya Paris na kuifunga Puerto Rico pointi 90 kwa 79. Nchi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 13 tu.

Nilipouliza kama yuko kijana kati yao aliye shabiki wa Bridgeport, wote wakamnyooshea kidole mwalimu. Timu hiyo haionyeshwi kwenye televisheni, na fulana yake hakuwahi kuiona katika mitumba ya Kakuma wala ya Lodwar. Yeye huifuata hivyo hivyo, kwa sababu hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwanza. Nikamkumbuka mzee wa Feisal na mwaka wake wa 1965. Ni ugonjwa ule ule, isipokuwa sisi huipenda timu kwa kuwa ni ya mtaani petu, na hawa, waliopokonywa mitaa yao, hufanya mtaa popote anapocheza mtu wao.

Adhana ya magharibi ikasikika. Vijana watatu, Wasomali wawili na mmoja wa Sudan, wakaacha mpira wakachukua maji ya udhu, nami nikafuatana nao. Wenzao Wakristo wakakaa juu ya mchanga wakatungoja, kwani timu haikutimia bila ya hao watatu. Tuliporudi mwezi ulikuwa umetoka, na mpira ukaendelea.