Cliff Burton: Karata ya Mwisho

Wapenzi wa muziki wa magita ya kasi na vishindo hawajamsahau marehemu Cliff Burton, mpiga besi wa kundi la Metallica la Marekani. Alizaliwa California mwaka 1962. Alipofiwa na kakaye mwaka 1975 ndipo aliposhika besi kwa bidii. Metallica walipomtaka, alishurutisha wahamie kwao, pande za San Francisco, wakahama.

Septemba 26, 1986 walipiga Stockholm, Uswidi. Usiku huo, ndani ya basi, walishindania kitanda kwa karata. Burton akachomoa ree, akakipata. Asubuhi basi likapinduka, akafa, umri miaka 24. Ajali haina kinga.

Mwaka 2017 santuri yao Master of Puppets ilitolewa upya, sauti imesafishwa, na kanda ya Stockholm imo mkusanyoni. Besi yake yavuma kama jana.